UZI: Msongo wa mama mjamzito na uzito wa mtoto ukubwani: nini kimethibitika na nini kinatiwa chumvi?

Kaskazi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mara kwa mara hujitokeza mada inayodai kwamba mama aliyekuwa na mawazo mengi wakati wa ujauzito ndiye aliyemsababishia mwanawe unene au kisukari. Wachangiaji hugawanyika papo hapo: wapo wanaolipokea dai hilo bila kuhoji, na wapo wanaolipuuza kwa hoja kwamba wazazi wetu walipitia makubwa zaidi na sisi tuko salama. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Dhiki kubwa inayompata mjamzito, kama vile njaa, maafa au kufiwa na mtu wa karibu, inaweza kuacha alama inayopimika katika mwili wa mtoto hata baada ya miongo kadhaa. Wasiwasi wa kawaida wa kila siku, kwa upande mwingine, haujaonyesha athari ya maana kwenye uzito, na anayewatwisha akina mama lawama kwa ajili ya wasiwasi huo anasema jambo ambalo takwimu hazimuungi mkono.

Naanza na njaa kwa sababu ndiko ushahidi ulikoota mizizi. Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Uholanzi ya magharibi ilikuwa bado chini ya jeshi la Ujerumani na shehena za chakula zikazuiwa. Mgao wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na katika kipindi kibaya zaidi ulikuwa kati ya kalori 400 na 800. Inasikitisha kusema hivi, lakini njaa ile iliwapa watafiti nafasi isiyo ya kawaida: ilianza ghafla, ikakoma ghafla Mei 1945, ikawapata watu ambao kabla na baada yake walikula vizuri, na muda wote huo wakunga na hospitali waliendelea kuandika kumbukumbu za uzazi. Ukijua tarehe ya mtu kuzaliwa, unajua alikuwa na umri gani tumboni njaa ilipomkuta.

Mwaka 1976 Ravelli, Stein na Susser walichapisha uchambuzi wa vijana wa kiume wapatao 300,000 waliopimwa wakiwa na miaka 19 kwa ajili ya kuingia jeshini. Wale waliokutwa na njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na unene uliokithiri kwa kiwango kilichokaribia mara mbili ya wenzao. Wale waliokutwa nayo katika miezi mitatu ya mwisho na mwanzoni mwa uchanga walikuwa na unene huo kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Njaa ni ile ile na nchi ni ile ile, lakini matokeo yanakwenda pande mbili zinazopingana kwa sababu ya wiki za ujauzito peke yake. Baadaye, mwaka 1998, watu waliozaliwa Amsterdam wakati ule walipopimwa wakiwa na umri wa takriban miaka 50, waliokutwa na njaa katikati au mwishoni mwa ujauzito walionekana kushindwa zaidi kudhibiti sukari baada ya kunywa maji ya glukosi, ingawa si lazima wawe ndio wanene. Kwa hiyo uzito na udhibiti wa sukari havifuati kalenda moja, na mtu anayevichanganya kana kwamba ni kitu kimoja atapotea mapema katika mjadala huu.

Mwaka 2008 Heijmans na wenzake waliwapima walionusurika na njaa ile wakiwa tumboni, takriban miaka 60 baadaye, wakiwalinganisha na ndugu zao wa jinsia moja ambao hawakukutwa na njaa. Katika jeni iitwayo IGF2, ambayo inahusika na ukuaji, alama za kikemikali zinazobandikwa juu ya DNA zilikuwa pungufu kwa wale ambao njaa iliwakuta wakati mimba inatungwa. Herufi za jeni zenyewe hazikubadilika. Kilichobadilika ni alama zinazoamua jeni isomwe kwa kiasi gani. Kulinganisha ndugu kuna uzito wake, maana ndugu wametoka nyumba moja na wazazi wale wale, hivyo hoja ya "labda ni familia tu" inapungua nguvu.

Mtu anaweza kuniuliza njaa inahusiana vipi na msongo. Swali ni la haki, kwa sababu njaa ya vita huja na baridi, hofu na upungufu wa virutubisho kwa pamoja, na huwezi kuvitenganisha. Ndiyo maana naupa uzito mkubwa utafiti wa Quebec nchini Kanada. Januari 1998 mvua inayoganda ilinyesha kwa siku kadhaa, barafu ikajijenga juu ya nyaya na nguzo za umeme hadi zikaanguka, na zaidi ya watu milioni 3 wakakosa umeme katikati ya baridi kali, wengine kwa zaidi ya mwezi mzima. Suzanne King na timu yake waliwafuatilia wanawake waliokuwa wajawazito wakati huo, au walioshika mimba muda mfupi baadaye, na jambo la busara walilofanya ni kutenganisha vitu viwili. Dodoso moja liliuliza yaliyotokea: ulikaa siku ngapi bila umeme, ulilazimika kuhama mara ngapi, nyumba yako iliharibika, ulipata hasara kiasi gani. Jingine liliuliza jinsi mama alivyoumia moyoni.

Watoto walipofika miaka mitano na nusu, ugumu halisi wa hali aliyopitia mama ndio uliohusiana na unene wao. Walipofika miaka 13 na nusu, ugumu huo huo ulihusiana na jinsi kongosho linavyotoa insulini. Hata alama za DNA katika chembe nyeupe za damu za vijana hao zilifuata ugumu halisi, wala hazikufuata kiwango cha huzuni alichokieleza mama. Akina mama wawili wanaweza kukaa gizani siku zile zile, mmoja akalia na mwingine akajikaza, na bado kipimo kikasoma karibu sawa kwa watoto wao. Sampuli ilikuwa ndogo, nalitaja hilo kabla sijakumbushwa, lakini mpangilio wa matokeo una maana kubwa kwa swali la nani alaumiwe.

Sasa, habari inafikaje kwa mtoto? Njia iliyochunguzwa zaidi ni ya kotisoli, homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo mtu anapokabiliwa na shida. Katika ujauzito wa kawaida kotisoli ya mama hupanda mara mbili hadi nne, ilhali mtoto anahitaji kiasi kidogo sana. Mlinzi wake ni kondo la nyuma. Ndani ya kondo kuna kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kikemikali mwilini) kiitwacho 11β-HSD2 kinachoikamata kotisoli ya mama na kuigeuza kuwa kotisoni, ambayo haina makali. Sehemu kubwa hunaswa hapo na sehemu ndogo hupita. Msongo mkali, maambukizi na lishe duni huweza kupunguza nguvu ya kimeng'enya hicho, na hapo mtoto hupokea homoni nyingi kuliko anavyostahili kwa umri wake.

Homoni hiyo ikizidi huzifanya tishu zikomae haraka, na seli inayokomaa huacha kugawanyika. Matokeo yake ni kwamba kiungo huweza kubaki na seli chache kuliko kilivyopaswa kuwa nazo. Kongosho lenye seli chache za kutengeneza insulini litamudu kazi miaka 20 au 30, kisha litazidiwa mwili unapoongezeka uzito. Ini nalo huweza kuzoea kutengeneza sukari kwa wingi: kwa panya waliopewa deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, katika wiki ya mwisho ya mimba, watoto walizaliwa wadogo, na ukubwani sukari yao ilikuwa juu huku kimeng'enya kikuu cha kutengeneza sukari ndani ya ini kikifanya kazi kupita kiasi. Upande wa ubongo, vipokezi vinavyopaswa kuhisi kotisoli na kuamuru izimwe huwa vichache, hivyo kila shida ndogo huiacha homoni ikizunguka kwenye damu kwa muda mrefu zaidi. Kotisoli inayokaa juu kwa muda mrefu huchochea hamu ya kula, hupunguza utii wa mwili kwa insulini na huelekeza mafuta tumboni.

Karibuni kwa hoja.

HesabuKwanza

Mkuu Kaskazi, uzi umeandikwa kwa utulivu na nakushukuru, lakini sitaupokea mzima mzima. Mwanamke anayepitia dhiki wakati wa ujauzito mara nyingi ana mambo mengine pia: huenda anavuta sigara, halali vya kutosha, kipato chake ni kidogo, na hali hiyo haiishi siku anayojifungua. Mtoto wake atakulia katika nyumba ile ile. Ukimkuta ni mnene akiwa na miaka 10, utajuaje kwamba kosa lilifanyika tumboni na si katika miaka 10 iliyofuata? Hata kunyonyeshwa kwa muda mfupi, au mama kuendelea kuwa na sonona baada ya kujifungua, kunaweza kueleza sehemu ya matokeo.

Pia ungepaswa kutaja tafiti ambazo hazikuona kitu. Katika kundi kubwa la Denmark linalofuatilia makumi ya maelfu ya ujauzito, uhusiano kati ya dhiki ya moyoni aliyoieleza mama na uzito mkubwa wa mtoto akiwa na miaka 7 ulikuwa finyu sana. Halafu kuna Leningrad, mji wa Urusi ambao leo huitwa St. Petersburg. Mji ule ulizingirwa kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, watu wakafa kwa njaa kwa kiwango kilichozidi mbali kile cha Uholanzi. Watafiti walipowapima waliokuwa tumboni wakati wa mzingiro, katika ripoti iliyotoka mwaka 1997, hawakukuta kwamba wanashindwa kudhibiti sukari kuliko wengine. Kama njaa tumboni huzaa kisukari, Leningrad ingepaswa kuwa ushahidi mkubwa kuliko wote.

Kaskazi

Ndugu HesabuKwanza, hoja ya kwanza ni sahihi kabisa, na ndiyo sababu sikuujenga uzi juu ya madodoso ya wasiwasi. Njaa ya Uholanzi na mvua ya barafu ya Quebec zina faida moja ambayo dodoso la "una wasiwasi kiasi gani" halina: hazikuchagua nani ziwapate kwa kufuata tabia zao. Nguzo ya umeme haiangalii kama mtaa huu wanavuta sigara au hawavuti. Matokeo finyu ya Denmark uliyoyataja yanauunga mkono msimamo wangu kwamba wasiwasi wa kawaida si tatizo la aina moja na maafa.

Lakini Denmark hiyo hiyo ina upande wa pili. Watafiti walitumia daftari za taifa za vifo na kumbukumbu za afya za shuleni kwa watoto zaidi ya 65,000. Humo walikuwamo watoto wasiozidi 500 ambao mama zao walifiwa na ndugu wa karibu katika kipindi cha ujauzito au muda mfupi kabla yake. Kifo kimeandikwa na tarehe yake, hakitegemei kumbukumbu ya mama. Hatari ya uzito mkubwa utotoni ilijitokeza zaidi pale msiba ulipotokea ndani ya miezi sita kabla ya mimba kutungwa. Hilo lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, kwa sababu linaashiria kwamba mwili wa mama unaingia katika ujauzito ukiwa tayari umebadilika. Nakubali kwamba idadi ya waliofiwa ni ndogo, na sitakwenda mbali zaidi ya hapo.

Kuhusu Leningrad, nadhani ni sehemu muhimu kuliko zote katika mjadala huu. Mtoto wa Uholanzi alitoka tumboni mwenye njaa akaingia katika nchi ambayo baada ya miezi michache ilikuwa na chakula cha kutosha. Mtoto wa Leningrad alitoka tumboni mwenye njaa akaingia katika njaa. Mwili uliojiandaa kwa uhaba ukakuta uhaba, hivyo hapakuwa na ukuaji wa haraka wa kufidia. Ndilo wazo ambalo Hales na Barker walilieleza mwaka 1992: mtoto aliye tumboni anajipanga kwa mazingira anayoyakadiria, na madhara hutokea makadirio yanapotofautiana na maisha atakayoyakuta. Njaa ya China ya 1959 hadi 1961 inaelekea huko huko, kwa kuwa matatizo ya sukari yalijitokeza zaidi kwa waliozaliwa katika maeneo yaliyoathirika sana na ambao baadaye walikula vyakula vya watu wenye nafasi.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Watu waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa ya Biafra nchini Nigeria, katika vita vya 1967 hadi 1970, walipimwa mjini Enugu wakiwa na umri wa takriban miaka 40, nao walikuwa na shinikizo la damu, matatizo ya sukari na uzito mkubwa kwa kiwango cha juu kuliko waliozaliwa baada ya vita. Na mwaka 2024 ilichapishwa kazi ya Lumey na wenzake iliyotumia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 10 waliozaliwa Ukraine katika miaka ya 1930. Wale ambao mimba zao zilikuwa changa njaa ya 1932 na 1933 ilipofika kileleni walikuwa na kisukari aina ya pili zaidi ya mara mbili. Kwa idadi hiyo, kusema ni bahati nasibu ni kazi ngumu.

HesabuKwanza

Maelezo ya Leningrad yana mantiki, lakini angalia hatari yake: nadharia inayoeleza matokeo yakiwepo na inayoeleza tena yasipokuwepo inaweza kugeuka kuwa nadharia isiyoweza kukanushwa. Ningependa kuona jaribio ambalo chanzo kiliondolewa kwa makusudi na athari nayo ikaondoka.

Mchunguzi wa Panya

Jaribio hilo lipo, mkuu, ila ni kwa wanyama, kwa sababu hakuna kamati ya maadili itakayokubali lifanywe kwa wanadamu. Panya jike mwenye mimba huingizwa ndani ya bomba jembamba la plastiki lenye uwazi, ambamo hawezi kugeuka, na huwekwa chini ya taa kali kwa dakika 45, mara tatu kwa siku, katika wiki ya mwisho ya mimba ambayo kwa panya huchukua takriban siku 21. Chakula anapata na hapigwi. Anachonyimwa ni uwezo wa kuondoka. Watoto wake wakikua, homoni yao ya msongo hupanda na huchelewa kushuka kila wanaposhtuliwa, na wakizeeka sukari yao huwa juu.

Mwaka 1996 watafiti wa Ufaransa waliwaondoa panya wenye mimba tezi za juu ya figo, wakawapa homoni kwa kiasi cha kawaida tu kisichopanda, kisha wakawafungia kwenye mabomba kama wengine. Msongo ulikuwepo, lakini homoni haikupanda, na watoto hawakupata ile kasoro ya homoni kuchelewa kushuka. Waliporudishiwa homoni kwa kiwango cha msongo, kasoro ikarudi. Nadhani hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Niongeze moja ambalo mleta mada hakuligusa. Watoto wa panya waliopata msongo tumboni hawawi wanene moja kwa moja. Wakilishwa chakula cha kawaida, tofauti ya uzito ni ndogo au haipo. Wakilishwa chakula chenye mafuta mengi baada ya kuachishwa kunyonya, ndipo wanapowapita wenzao kwa uzito na sukari yao kuvurugika. Vilevile watoto hao wakihamishiwa kwa mama mlezi mara tu baada ya kuzaliwa, sehemu ya athari kwenye mfumo wa homoni hurekebishika. Kinachorithishwa tumboni ni udhaifu unaosubiri mazingira fulani.

Mkunga wa Zamani

Wapendwa, mimi nimefanya kazi ya kuzalisha kwa miaka mingi na naomba kuuliza kabla hofu haijasambaa. Mleta mada ametaja deksamethasoni. Hiyo ni dawa tunayomchoma mama anayekaribia kujifungua njiti, ili mapafu ya mtoto yakomae. Nawafahamu wasomaji wa majukwaa. Kesho atakuja mama mwenye uchungu wa wiki 30, atakataa sindano kwa sababu alisoma kwamba inaleta kisukari, na mtoto atashindwa kupumua. Nini jibu lenu?

Kaskazi

Mama yetu, nashukuru kwa swali hilo, na jibu langu halina kigugumizi: asikatae. Dawa hiyo hupita kwenye kondo kwa urahisi kwa sababu kile kimeng'enya hakiikamati vizuri, na hiyo ndiyo sababu inafanya kazi. Faida yake ilionyeshwa na Liggins na Howie nchini New Zealand mwaka 1972 kwa betamethasoni, dawa ya jamii hiyo hiyo. Mwaka 2020 jaribio la Shirika la Afya Duniani lililofanyika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan lilionyesha kwamba deksamethasoni inapunguza vifo vya watoto njiti hata katika hospitali zenye uwezo mdogo.

Na tunayo taarifa ya muda mrefu. Watoto wa jaribio lile la New Zealand walipimwa wakiwa na miaka 30. Waliopata dawa tumboni walikuwa na insulini ya juu zaidi dakika 30 baada ya kunywa glukosi, dalili kwamba miili yao haikuwa sikivu sana kwa insulini. Hata hivyo, uzito, shinikizo la damu na kisukari havikutofautiana na vya wenzao. Athari ipo, ni ndogo, na inalinganishwa na mtoto kutopumua. Panya walipewa dawa hiyo kwa wiki nzima ya mwisho, yaani theluthi ya mimba yao, ilhali mama hupewa dozi chache zilizopangwa kwa saa.

Kwa kuwa tumefika kwenye kimeng'enya, kuna ushahidi wa ajabu kutoka Finland, ambako watu wengi hula pipi nyeusi zinazotengenezwa kwa mzizi mtamu wenye kemikali iitwayo glisirizini. Kemikali hiyo hukizuia kimeng'enya kile kile cha kondo. Katriina Räikkönen na wenzake waliwafuatilia watoto wa akina mama waliokula pipi hizo kwa wingi katika ujauzito, na ripoti yao ya 2017 ilionyesha kwamba wasichana, wakiwa na umri wa takriban miaka 12 na nusu, walikuwa warefu kuliko wenzao kwa sentimita 3, wazito kwa kilo 8, na waliotangulia katika kubalehe. Hapo mama hakuwa na lazima ya kuwa na msongo wowote. Mlango ulilegezwa kwa njia nyingine, na mtoto akaelekea upande ule ule.

Mama wa Wawili

Nimesoma yote kwa moyo mzito. Nilifiwa na baba yangu nikiwa na ujauzito wa kwanza, na binti yangu huyo sasa ni mnene kuliko mdogo wake. Sikuchagua baba afe. Nikisoma habari za alama za DNA zinazokaa miaka 60 najiuliza kama kuna faida yoyote ya mimi kujua haya, au ni mzigo tu nimeongezewa.

HesabuKwanza

Dada, pole sana kwa msiba. Niseme kama mtu wa takwimu: tafiti hizi zote zinazungumzia makundi. Hatari ikiongezeka katika kundi, bado watoto wengi wa kundi hilo wana uzito wa kawaida, na wako wanene wengi ambao mama zao hawakupatwa na lolote. Hakuna kipimo kinachoweza kumwangalia binti yako na kusema uzito huu umetokana na msiba ule. Urithi wa jeni, chakula, usingizi na michezo vina nafasi kubwa kwa mtoto mmoja mmoja, na watoto wawili wa tumbo moja hutofautiana hata pasipo msiba.

Kaskazi

Dada, namuunga mkono ndugu HesabuKwanza, na hii ndiyo mara ya kwanza katika uzi huu tumekubaliana kwa kila kitu.

Kuhusu faida ya kujua, mimi naiona katika sehemu mbili. Ya kwanza ni mwendo wa ukuaji. Wafini waliofuatilia watu waliozaliwa Helsinki miaka ya 1930 na 1940 walikuta kwamba kinachotisha si uzito wa kuzaliwa peke yake, ni mtoto aliyezaliwa mdogo kisha akaanza kunenepa mapema na kwa kasi. Kwa kawaida mtoto hupungua unene baada ya mwaka wa kwanza, hufikia wembamba wake wa mwisho akikaribia miaka 6, kisha huanza kujaza tena. Katika kundi lile, waliojaza tena kabla ya miaka 5 walipata kisukari aina ya pili kwa asilimia 8.6, na waliosubiri hadi baada ya miaka 7 walikuwa asilimia 1.8. Kwa hiyo kadi ya kliniki isiishie kutazamwa mtoto anapopungua kilo tu. Mstari unaopanda kwa kasi kuvuka mistari mingine unastahili kuulizwa kwa mhudumu wa afya, bila kumnyima mtoto chakula na bila kumfanya achukie mwili wake.

Ya pili ni mazoezi. Katika watu hao hao wa Helsinki, waliozaliwa wakiwa wadogo ndio walionufaika zaidi na mazoezi ya mara kwa mara ukubwani katika kudhibiti sukari. Mwili uliopangwa tumboni kubana matumizi bado unasikia misuli inapofanya kazi, kwa sababu misuli inayotumika huchukua sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu.

Mkunga wa Zamani

Nimeridhika na majibu kuhusu sindano. Nami naongeza jambo la kazini. Mjamzito akifika kliniki tunampima shinikizo la damu, damu, mkojo na uzito. Ni mara chache anaulizwa kama amefiwa, amefukuzwa nyumba, au anapigwa. Kama ugumu halisi wa maisha ndio unaofika kwa mtoto, kama Quebec inavyoonyesha, basi kumwambia mama "usiwe na mawazo" hakumsaidii kitu. Anayeishi bila makazi anahitaji makazi, na anayepigwa anahitaji mahali pa kukimbilia. Maswali hayo matatu yanaingia kwenye kadi bila kuongeza hata ukurasa.

HesabuKwanza

Mama mkunga, kadi ikiuliza, awepo na wa kulishughulikia jibu. Nimeona fomu nyingi zinazojazwa vizuri na kuishia kabatini.

Mkunga wa Zamani

Hilo nalijua vizuri, mwanangu. Ndiyo maana mimi huanza na anayepigwa, kwa sababu huyo hata nikikosa pa kumpeleka naweza angalau kumlaza wodini usiku huo.